Nguo Zangu za Kukimbilia Zinasubiri Nipungue

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 38, ni mama wa watoto wawili, na miezi minane iliyopita nilianza kukimbia. Nasema kukimbia kwa kujikweza tu. Mwanzoni nilikuwa natembea dakika tano, nakimbia moja, halafu nashika kiuno. Sasa namaliza kilomita 5 bila kusimama, isipokuwa kwenye kilima kimoja ambacho siku zote kilikuwa kinanishinda.

Nguo zangu za kukimbilia zilikuwa fulana ya pamba ya mume wangu, ile aliyoiacha kwa sababu shingo imelegea, na suruali ya kulalia niliyoifunga kwa kamba maana lastiki ilishakufa. Fulana inanifika mapajani. Nikitoka jasho inalowa, inakuwa nzito, inanigandia tumboni, basi kila baada ya hatua kadhaa naivuta. Suruali nayo inateremka, naipandisha. Ndani navaa sidiria za kawaida mbili, moja juu ya nyingine. Natoka giza bado nene, makusudi, nisionwe na mtu.

Mwezi uliopita nikajikaza nikanunua nguo za kukimbilia hasa: taiti nyeusi, sidiria ya michezo na fulana mbili nyepesi, moja ya rangi ya machungwa na nyingine ya bluu. Shangazi, siku niliyozivaa mara ya kwanza nilikimbia kama siyo mimi. Sikuvuta kitu, sikupandisha kitu. Kilima nikakipanda mpaka juu, nahema kweli, lakini sikusimama. Nilipoangalia saa, nilikuwa nimepunguza dakika mbili na nusu. Nikaamua kurudi kwa njia ya mbali, kumeshakucha, nacheka peke yangu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nilipita kando ya gari lililoegeshwa nikajiona kwenye kioo. Taiti imenishika, tumbo lipo, mapaja yapo, kila kitu kipo. Mbele kidogo kulikuwa na vijana wawili wameegemea ukuta. Mmoja akacheka. Sijui alicheka nini, lakini kicheko kile nilikisikia mpaka mgongoni. Nikaacha kukimbia, nikatembea nimefumbata mikono tumboni mpaka nyumbani. Nguo nikazifua, nikazikunja, nikazitia kwenye droo. Fulana ya bluu mpaka leo ina lebo yake ya dukani.

Nimejiambia nitazivaa nikipungua kilo 8. Nilimsimulia wifi yangu, ambaye amekimbia tangu usichana wake, akanijibu, "Wifi, nguo hazikimbii, inakimbia miguu." Labda ni kweli. Lakini tangu niirudie fulana ya mume wangu, kilima kimenishinda tena, na wiki iliyopita nilitoka mara moja tu. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Juzi aliiona fulana yake kwenye kamba akauliza, "Zile mpya zimeenda wapi?" Sikuwa na jibu.

Nimejiandikisha kwenye mbio za kilomita 10, zimebaki wiki saba. Swali langu ni hili: ni ujinga mtu mzima kupata nguvu kwenye nguo? Najidanganya? Na je, nivae au nisubiri nipungue?

Mwenye Droo

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nahesabu. Inalowa. Inanigandia. Naivuta. Inateremka. Naipandisha. Sidiria mbili. Miezi minane ulikuwa unafanya kazi mbili kila alfajiri, ya kukimbia na ya kujishikilia nguo, kisha siku uliyoachishwa ile ya pili ukapunguza dakika mbili na nusu. Unashangaa nini?

Wifi yako kasema kweli, ila kaisema nusu. Nguo hazikimbii, lakini zinaweza kukukataza kukimbia. Pamba inapenda maji, inayanywa na kuyashikilia, ndiyo maana taulo ni za pamba. Ile fulana ikishalowa inabaki imelowa mpaka urudi nyumbani, na kitambaa kilicholowa ndicho kinachochubua ngozi. Poliesta, kitambaa kinachoshonewa nguo nyingi za michezo, hainywi karibu chochote. Jasho hutambaa juu ya nyuzi zake likatoka upande wa nje, likakaukia huko. Halafu mikono: mkimbiaji hupunga mikono kwa sababu ndiyo inayoupa mwili mizani miguu inapopishana. Mkono ulioshika kiuno cha suruali haupungi. Jaribu kukimbia dakika moja umeshika kiuno, utanielewa.

Na kifua chako usikisahau. Titi halina msuli wa kulishikilia. Ukikimbia linakwenda juu na chini, linakwenda kando, linakwenda mbele na nyuma, na lisiposhikwa vizuri linauma. Mwanamke anayeumwa hapo huinamisha mabega na kufupisha hatua bila kujua. Hukuwa peke yako kwenye hizo sidiria mbili. Mwaka 1977 kule Vermont, Marekani, wanawake watatu, Lisa Lindahl, Polly Smith na Hinda Miller, walichoshwa na tatizo hilohilo. Walichukua vile vivazi vya kukinga nyeti za wanamichezo wa kiume, viwili, wakavishona pamoja, wakavivaa kifuani. Sidiria ya michezo ikaanzia hapo. Nacheka kila nikikumbuka, lakini fikiria pia maana yake: mpaka mwaka ule kila mwanamke aliyekimbia alikuwa anajishindia mwenyewe kama ulivyokuwa unajishindia wewe.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya ile nguvu ya siku ya kwanza haikuwa ndoto. Mwili uliondolewa kero, ukaenda.

Wifi yako akikuletea habari za Abebe Bikila, yule mkimbiaji wa Ethiopia, na watu wa "nguo hazikimbii" hawachelewi kumleta, msikilize kisha umalizie hadithi. Ni kweli, Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku. Alikuwa amezoea kufanya mazoezi pekupeku, na viatu alivyopata kule havikumkaa vizuri, akaona heri asivae. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu, akashinda tena, kwa saa 2 dakika 12 na sekunde 11, zaidi ya dakika tatu pungufu ya Roma. Mimi hapo sioni mtu aliyedharau vifaa. Namwona mtu aliyekataa kuvaa kitu kinachomsumbua, na ile fulana ya mumeo inakusumbua.

Sasa tuje kwenye kichwa, maana najua hukuniandikia kwa ajili ya poliesta.

Unauliza kama unajidanganya. Mwaka 2012 watafiti wawili, Hajo Adam na Adam Galinsky, waliwavalisha watu koti jeupe wakawapa kazi za kupima umakini. Walioambiwa ni koti la daktari walifanya vizuri kuliko walioambiwa, koti lilelile, kwamba ni la mchoraji. Habari ikaenea sana. Sitaki kukuuzia mbuzi kwenye gunia: mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio mojawapo na watu wengi zaidi, wasipate matokeo yale. Kwa hiyo sikuapii kwamba taiti ina miujiza. Ninachokiokota pale ni kidogo tu, na nadhani kila aliyewahi kuvaa sare ya kazi anakijua: nguo hukwambia kile ulichoipa ikwambie. Alfajiri ile uliipa kazi ya kusema "mimi ni mtu anayekimbia", ukapanda kilima. Saa moja baadaye, mbele ya kioo cha gari, ukaipa kazi ya kusema "mimi si mwembamba", ukatembea umefumbata mikono. Nguo haikubadilika. Hata jasho halijakauka!

Yule kijana. Mwenyewe umeandika "sijui alicheka nini", nami nakushika hapo. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha jaribio moja ninalolipenda. Mwanafunzi alivalishwa tisheti yenye picha ya mwanamuziki ambayo kijana wa umri wake angeona haya kuivaa, kisha akaingizwa chumbani walikokaa wenzake. Alipotoka akaulizwa: wangapi wameiona picha? Waliovaa walikisia karibu nusu ya waliokuwamo. Walioiona kweli walikuwa karibu robo. Na hao walikuwa wamekaa wameelekea mlangoni! Wewe ulipita unakimbia mbele ya vijana wawili wenye maongezi yao.

Sisemi kwamba hakuna wanaocheka watu. Wapo, na wapo wenye maneno machafu zaidi ya kicheko. Mahali ambapo umetukanwa kweli badilisha njia, au nenda na mwenzako, usijitie ushujaa usio na faida. Lakini kwa kicheko ambacho hujui kilitoka wapi umefungia nguo mwezi mzima.

Kilo 8 ndizo zilizonikasirisha, mwanangu, nisamehe. Hakuna mkulima anayesubiri avune ndipo anunue jembe. Hizi ni nguo za kukimbilia. Kazi yake ni kukimbia nawe sasa hivi, kwa mwili uliobeba watoto wawili na kupanda kile kilima. Umezigeuza zawadi ya kumpa mtu mwingine, mwembamba, ambaye bado hajafika, na huku wewe unayetoka kitandani gizani unavalishwa matambara. Tena angalia hesabu yenyewe ilivyokaa kombo: unazingoja kilo zipungue ndipo uvae, na kwa kutovaa umekimbia mara moja wiki nzima. Mimi nimewahi kuwa na droo kama hiyo. Yangu ilikuwa na kaptura ya kijani. Nilipokuja kuitoa lastiki ilikuwa imekauka, ikakatika mkononi.

Kuna mwanamke mwingine aliyekimbia na nguo za kiume. Bobbi Gibb, mwaka 1966, aliomba kukimbia marathoni ya Boston, akaandikiwa kwamba wanawake hawana uwezo wa kukimbia umbali ule. Akaenda hivyohivyo. Alivaa kaptura ya kaka yake na sweta lenye kofia, akajificha kwenye vichaka karibu na mstari wa kuanzia, mbio zilipoanza akachomoka akajichanganya na wanaume. Joto likamzidi ndani ya lile sweta, lakini aliogopa kulivua, wasije wakamwondoa. Wanaume waliokuwa karibu wakamwambia avue tu, hawatakubali aondolewe. Akalivua, akamaliza kwa saa 3 na dakika 21, mbele ya wengi wao. Boston iliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1972 tu. Gibb alikuwa na sababu ya kujificha ndani ya nguo ya mwanaume: angetolewa njiani. Wewe nani atakutoa?

Haya, tuvae.

Kwanza hakikisha nguo ni za ukubwa wako wa leo. Kama ulinunua ndogo kwa matumaini, fulana ya bluu bado ina lebo, kaibadilishe. Simama chumbani, ruka mara ishirini, nyoosha mikono juu, inama ushike vidole vya miguu. Taiti inayojikunja kiunoni chumbani itajikunja zaidi njiani. Sidiria itazame ule mkanda wa chini ya matiti, maana huo ndio unaobeba mzigo mkubwa kuliko kamba za mabega. Ukae sawa mbele na nyuma, ubane lakini vidole viwili vipite. Ukipanda mgongoni umelegea.

Pili, kama kubanwa na taiti kunakukera, vaa kaptura nyepesi iliyolegea juu yake, au fulana ndefu kidogo ya kitambaa hichohicho cha kukausha jasho. Wengi hufanya hivyo na wanakimbia vizuri sana. Si lazima kujiamini kwako kuonekane mapajani. Tunachokitaka ni wewe usahau umevaa nini.

Tatu, na hili naomba ulisome polepole. Ulikuwa unatoka gizani usionwe na watu. Madereva nao ni watu. Hata fulana ya rangi ya machungwa, ambayo inaonekana vizuri kukikucha, gizani mbele ya taa za gari haisaidii sana. Kinachosaidia ni vile vipande vinavyorudisha mwanga wa taa kule ulikotoka. Viwe vifundoni au magotini, sehemu zinazocheza unapokimbia, kwa sababu dereva akiona vitu viwili vinapanda na kushuka kwa zamu anajua upesi kwamba yule ni mtu. Chunguza taiti yako, huenda inavyo tayari. Kama haina, tafuta mikanda ya kuvaa vifundoni.

Siku ya kwanza ya kurudi usitoke kwenda kupambana na kilima. Kimbia kilomita 2 au 3, mapema, njia fupi, urudi. Mara ya pili ongeza. Nataka ikifika wiki ya nne nguo hizi ziwe zimefuliwa mara nyingi mpaka ziwe kama nguo nyingine tu. Ile raha ya upya itapungua, nakuambia mapema usije ukadhani umepoteza kitu. Itapungua, lakini kilima kitakuwa kimeshakuzoea. Na siku zikiwa zimelowa kwenye kamba, vaa chochote kisichokuchubua utoke, hata kama si maridadi. Ukishaanza kusema "bila fulana ya machungwa siendi", umetoka kwenye droo moja ukaingia nyingine.

Usivae kitu kipya siku ya mbio. Wakimbiaji wote wanalisema hilo, nami nililisikia nikalipuuza. Nilinunua fulana siku mbili kabla ya mbio za kilomita 21, nzuri ajabu, ya zambarau. Ilikuwa na mshono mmoja uliopita kwapani, mwembamba, hata usingeuona. Kilomita ya 9 nikaanza kuuhisi. Kilomita ya 14 nilikuwa nakimbia mkono nimeutanua kama kuku aliyevunjika bawa. Sehemu iliyobaki nilielezwa na maji ya kuoga jioni ile. Nilipiga kelele nyumba nzima ikasikia. Kwa hiyo amua sasa utakachovaa siku yako, kuanzia soksi mpaka fulana, kisha ukivae kwenye umbali mrefu angalau mara mbili kabla ya siku hiyo. Mahali panapokwaruza paka mafuta ya mgando kabla ya kutoka, usingoje pachubuke.

Kufua: maji ya baridi, sabuni kidogo, geuza ndani nje, anika kivulini. Usitie kile kilainishi cha nguo chenye harufu nzuri. Huacha utando juu ya nyuzi, jasho likakosa njia, na baada ya muda nguo inashika harufu isiyotoka. Pasi usiikaribishe kabisa.

Ule ujumbe wa mumeo wa "zile mpya zimeenda wapi" nimeupenda kuliko yote uliyoniandikia. Mrudishie fulana yake, au ifanye tambara la kufutia raba zako. Na wifi mwalike mtoke pamoja Jumapili moja, mpande kilima wote wawili, umsikie akihema.

Fulana ya bluu kama inakutosha, itoe droo leo usiku. Lebo ya dukani ikate. Ile ya ndani, iliyoshonwa ubavuni, usiikate kwa mkasi, maana hubaki na ncha ngumu inayoanza kukuchoma kilomita ya 4 hivi. Kaa karibu na taa, chukua kiwembe, ufumue uzi wake mmoja mmoja mpaka itoke yote.

Shangazi